Mguu wa Sakafuni, Mteremko wa Mgeta

Miguu bandia mingi hujaribiwa kwenye sakafu tambarare, kati ya vyuma viwili vya kushikilia. Mkulima wa Nyandira, kule Mgeta mkoani Morogoro, halimi sakafuni. Kabichi zake ziko ubavuni mwa milima ya Uluguru, na njia ya kwenda shamba ikilowa huteleza hata kwa mwenye miguu yake miwili.

Tuutazame mguu wa chini ya goti unavyotengenezwa. Fundi hukizungushia kigutu bandeji za plasta, zilezile za kufungia hogo. Zikikauka huzivua, humimina plasta ndani na kupata sanamu ya kigutu. Ufundi wenyewe unaanzia hapo. Sanamu hukwanguliwa chini ya kifuniko cha goti, kwenye kano inayoweza kubeba uzito, kisha huongezewa plasta penye ncha ya mfupa mdogo wa nje, ili kikombe kitakachopokea kigutu kisiuguse. Ukikosea milimita chache, mgonjwa atarudi na kidonda, au hatarudi kabisa. Baadaye bamba la polipropilini hupashwa moto tanurini, hutandazwa juu ya sanamu, na pampu hunyonya hewa hadi plastiki ishike umbo. Teknolojia hii, iliyoendelezwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu huko Kambodia, ni nafuu, na kikombe kikibana mahali hupashwa moto tena kikarekebishwa.

Kasoro iko chini. Unyayo unaotumika sana, uitwao SACH, una kisigino laini na kiini kigumu, lakini kifundo hakikunjiki. Ukishuka mlima, husukuma goti mbele ghafla. Ukipanda, hulirudisha nyuma. Halafu kuna kiatu: mguu uliopangwa kwa kiatu chenye kisigino, ukivaliwa na kandambili, mpangilio wote umevurugika. Wahindi wa Jaipur waliliona hilo tangu 1968, wakatengeneza unyayo wa mpira unaokunjika, wa kutembelea peku na kuchuchumaa.

Utaalamu tunao. Chuo cha TATCOT, pale hospitali ya KCMC, Moshi, kinafundisha mafundi wa fani hii tangu 1981, wakiwemo wa kutoka nchi nyingine za Afrika. Dar es Salaam kuna hospitali za CCBRT na MOI, na treni ya SGR iliyoanza safari Juni 2024 imeisogeza Morogoro karibu nao. Ila kigutu hakitulii: miezi ya mwanzo husinyaa, kikombe kikapwaya, soksi zikaongezwa, mwisho kikombe kipya kikahitajika. Kila marekebisho ni safari, na kipande kigumu cha safari hiyo kiko kati ya Nyandira na Morogoro mjini, juu ya bodaboda.

Kwa hiyo kugawa miguu siku moja, mbele ya kamera, si huduma. Mafundi wafike Morogoro kwa tarehe zinazojulikana, waje na tanuri lao. Na kabla ya kumruhusu mtu wa Mgeta arudi kwao, wampeleke mteremkoni akiwa amevaa viatu vyake vya shamba.