Nani Anadaiwa? Neno "Sisi" katika Shairi la Kathy Jetñil-Kijiner

Tarehe 23 Septemba 2014, katika ufunguzi wa Mkutano wa Tabianchi wa Umoja wa Mataifa mjini New York, Kathy Jetñil-Kijiner, mshairi wa Visiwa vya Marshall, alisoma shairi lake Dear Matafele Peinam, alilomtungia binti yake mchanga. Wasikilizaji walisimama wakashangilia. Upole wa shairi hilo unastahili sifa. Hapa tunakusudia kuchunguza jambo moja tu la fani: matumizi ya nafsi ya kwanza wingi.

Marshall ni nchi ya visiwa vya matumbawe, ambavyo kwa wastani viko kama mita 2 juu ya usawa wa bahari. Kati ya 1901 na 2018 bahari za dunia zilipanda kwa wastani wa sentimeta 20. Kwa watu wa visiwani, maana yake ni visima kuingiwa na maji ya chumvi, nyumba kufurikwa, na pengine kuikosa kabisa nchi ya kuzikia wazee wao. Mama wa shairi anamweleza mtoto utabiri huo, kisha anamwahidi kwamba hautatimia.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Basi mdaiwa ni nani? Mwanzoni "sisi" ni jamaa: wazazi, babu na bibi, pamoja na taifa lao. Baadaye neno linapanuka hadi kuwakusanya waandamanaji wa mabara mengi. Upanuzi huo ndio nguvu ya shairi, na kwa maoni yetu ndio udhaifu wake. Kimarshall kina viwakilishi viwili: kōj, yaani sisi pamoja nawe, na kōm, yaani sisi bila wewe. Kiingereza cha shairi, sawa na Kiswahili chetu, kina kimoja. Ni kweli kwamba mshairi anayashutumu makampuni yenye uroho kwa sitiari za viumbe vya baharini. Lakini hao ni "wao", nao hawana majina. Hivyo wajumbe wa nchi zenye viwanda vikubwa waliweza kupiga makofi na kujiingiza katika "sisi" bila kukiri deni lolote.

Sheria nayo ilichelewa kumtaja mdaiwa. Mwezi wa Oktoba 2019 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliamua kwamba New Zealand haikuvunja haki ya uhai ya Ioane Teitiota ilipomrudisha Kiribati mwaka 2015, ingawa ilikubali kuwa madhara ya tabianchi yanaweza siku moja kuzuia urudishaji wa namna hiyo. Tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika maoni yake ya ushauri, ilitamka kwamba dola zina wajibu wa kisheria, na kwamba kuuvunja kwaweza kuleta wajibu wa kulipa fidia. Shauri hilo lilianzishwa na wanafunzi wa sheria wa Pasifiki.

Je, shairi limeshindwa? Hatudhani hivyo: lilimleta mdai ukumbini akiwa mikononi mwa mamaye. Ila mwanafunzi wetu atakayelifasiri kwa Kiswahili apime kila "sisi" anayoikuta: je, ni "sisi sote", au ni "sisi watu wa Marshall"? Akikosea hapo, atakuwa amemsamehe mdaiwa deni lisilo lake.