Bakuli la Lami

Nyundo ya mhunzi juu ya fuawe hulia, na ya seremala juu ya gogo hufa. Lakini nyundo ya fundi anayenakshi shaba ina sauti ya tatu, fupi na nzito, mithili ya hatua za mtu atembeaye juu ya mkeka, na mimi niliyeisikia kwa mara ya kwanza chini ya mwembe huko Kalundu, upande wa bandari ya Uvira, nilidhani fundi yule amekosea mahali pa kugongea. Hakuwa amekosea. Bamba lake lilikuwa limelala juu ya kitu cha rangi ya kahawa iliyoungua, kilichojaa pomoni ndani ya bakuli la chuma. Na ni kitu hicho, ambacho mnunuzi hakijui na muuzaji hakitaji, nitakacho kukisifu.

Shaba yenyewe haihitaji msemaji. Katanga, ambako misalaba ya shaba ilikuwa sarafu ya watu zamani sana kabla kampuni ya Union Minière haijaundwa mwaka 1906, iliwahi kuitwa Jimbo la Shaba tangu 1971 hadi 1997, neno la Kiswahili likapanda cheo hadi kwenye ramani. Na sahani zilizofuliwa sura ya mwanamke atwangaye, au ya tembo, zimetundikwa katika sebule nyingi za Kongo. Bamba litokalo huko, likishafika Kalemie, hupakiwa chomboni likaambaa ziwa mpaka kwetu. Likiwa jembamba, chini ya milimita moja, lina tabia ya kiumbe mwenye haya: ukiligonga juu ya chuma husagika, juu ya mchanga hubonyea ovyo, juu ya mbao hupokea alama ya kwanza na kuikataa ya pili. Sharti lipate mlalo unaokubali pale tu tindo ilipogusa, na unaokataa kando yake kwa upana wa unywele. Mlalo huo ndio lami.

Matayarisho yake hula asubuhi nzima. Asili ya mchanganyiko ni utomvu wa msonobari uliokauka, wala si lami ya barabara, ambayo vijana huichota kando ya njia, kisha wakaona imelegea kwa jua la saa nne na kuwaachia vidole vyeusi juma zima. Utomvu huyeyushwa katika sufuria kuukuu juu ya makaa yasiyo na ndimi, maana ukichemka na kufuka moshi huwa mkavu kama kigae. Hapo hutiwa unga wa tofali, au plasta, uliochekechwa kwa kitambaa na kukaangwa kwanza, kwa kuwa unyevu ukikutana na utomvu wa moto huufurisha ukamwagikia makaa. Na aghalabu fundi aliyepuuza hilo hukosa lami yake, akakosa na nyusi. Unga huingia konzi kwa konzi, mwiko ukikoroga bila kupumzika, mpaka uzito wake ukaribiane na uzito wa utomvu. Mwisho ni mafuta, kidogo mno. Mafundi wa Ulaya hutia shahamu ya ng'ombe. Fundi yule, maadamu anaishi penye michikichi, alitia mawese.

Katika mafuta ndimo ilimo hekima yote ya kazi, kwani kipimo hakiandikiki. Lami iliyowiana na joto la Uvira, mji ulio ukingoni mwa maji, ikipandishwa Minembwe, juu ya mita elfu mbili milimani, hupasuka kwa baridi siku ya kwanza. Na lami ya Minembwe ikiteremshwa kwetu hulegea kama ugali wa mgonjwa. Fauka ya hayo, kazi yenye mabonde marefu hutaka lami laini, na nakshi nyembamba hutaka ngumu. Basi fundi hudondosha tone ndani ya maji, akalibonyeza kwa ukucha: ukucha uache alama, wala usizame. Kisha hulikunja. Likikunjwa polepole sharti lipinde, likikunjwa ghafula sharti likatike. Nilimwona akikataa sufuria nzima kwa tone moja lililopinda mno, akairudisha motoni pasipo kunung'unika, ilhali mimi niliyekaa bure nilikwisha choka.

Bakuli lenyewe lilikuwa kitako cha mtungi wa gesi uliokatwa kwa msumeno, mviringo kama nusu ya chungwa, na chini yake mlitangulizwa mawe ya ziwani ili lipate uzito na lami isiharibike bure. Halikuwekwa mezani hivi hivi. Lilikalia ngata, naam, ngata ile ile ya mama zetu wachukuao ndoo kichwani, ila hii ilisokotwa kwa mpira wa gurudumu. Na juu ya ngata bakuli huinama na kugeuka kila upande autakao fundi, hata mkono wake wa nyundo usitoke mahali pake.

Siku ile alikuwa akifua mvuvi wa ndagala. Aliupasha moto uso wa lami, akaupaka uso wa bamba mafuta, akazikunja pembe zake nne chini zipate kushika, akalilaza kwa kulikandamiza kutoka katikati kwenda nje ili pumzi isibaki ndani. Penye pumzi nyundo husema: sauti hugeuka tupu kama debe, na tindo ikipigwa hapo hutoboa. Akafua kwa nyuma, akiisukuma nje karabai ya mvuvi na tumbo la mtumbwi. Shaba ilipokaidi, aliing'oa kwa koleo, akaichoma hata ikaiva wekundu hafifu, akaitosa majini. Kwani shaba, kinyume cha chuma cha pua, haigomi kwa maji ya ghafula bali hurudi utiini. Kisha akajaza lami katika mashimo ya nyuma, akaligeuza, akaanza kuchora kwa mbele nyuzi za wavu. Mimi nilijitia kusaidia, tone likanidondokea kidoleni; nikataka kulivuta, naye akanikamata mkono akautumbukiza katika ndoo. Lami ya moto haivutwi, hupozwa kwanza, la sivyo huondoka na ngozi. Kovu ninalo.

Wala hii si elimu ya kwetu peke yetu. Benvenuto Cellini, mfua dhahabu wa Firenze, katika risala yake iliyochapwa mwaka 1568, alitaja utomvu, tofali lililopondwa na nta kidogo. Na wafua fedha wa Kutch huko India, nchi iliyowaleta wafanyabiashara wengi Unguja, walipata sifa kwa vyombo vilivyotapakaa maua yaliyoinuliwa kwa njia hiyo hiyo. Wote hao wamesifiwa kwa fedha na dhahabu zao. Sijapata kuona jumba la makumbusho lililoweka bakuli la lami ndani ya kioo, na naona ni dhuluma, kwa sababu sura iliyo dhahiri juu ya bamba ilikwisha kuwapo batini, katika lami, kabla jicho halijaiona.

Uvira jua huzama mapema nyuma ya milima, ingawa ng'ambo, Bujumbura, bado kunang'aa. Saa hiyo fundi huacha tindo, hukwangua mabaki yaliyoganda bambani na kuyarudisha sufuriani, kwani lami haitupwi, huongezwa tu. Basi nawe, msomaji, ukinunua sahani ya shaba, igeuze utazame mgongo wake. Ukikuta katika kona ya nakshi punje ya kitu cha rangi ya kahawa, usiisugue.