Kamera Tatu, Mwanga Mmoja

Jumatatu ya tarehe 15 Oktoba 1951, saa tatu usiku kwa saa za New York, shirika la CBS lilirusha kwa mara ya kwanza kipindi cha vichekesho cha I Love Lucy. Tarehe hiyo inatimiza miaka 75 Oktoba 2026. Katika historia ya televisheni ya Marekani siku hiyo hutajwa kwa ajili ya mchezaji wake mkuu, Lucille Ball, na anastahili, maana wachache wamejaliwa uso unaosema kabla ya mdomo. Hata hivyo, kama uso huo bado unaonekana vizuri leo, sifa nyingine ni ya mafundi waliopanga taa.

Wakati huo vipindi vingi vilitoka New York moja kwa moja. Vituo ambavyo havikuyapata matangazo yenyewe vililetewa kineskopu, yaani filamu iliyopigwa kwa kuielekeza kamera kwenye kioo cha televisheni kipindi kikiendelea. Picha yake ilifika imefifia, kama mtu anayetazamwa kupitia chandarua. Mdhamini, kampuni ya sigara ya Philip Morris, alikuwa na wateja wengi upande wa mashariki na hakutaka wao ndio watazame kwa chandarua. Ball na mumewe Desi Arnaz, mwanamuziki mzaliwa wa Santiago de Cuba, nao hawakutaka kuhama Hollywood. Ikakubaliwa kwamba kipindi kipigwe kwa filamu ya sinema ya milimita 35, na nakala safi zisambazwe nchi nzima. Gharama ikapanda, wawili hao wakakubali kupunguziwa malipo, na badala yake wakaachiwa umiliki wa filamu hizo. Wakati ule haikuonekana kuwa ni kitu. Lakini ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno.

Ugumu ukabaki kwenye upigaji wenyewe. Ball alichekesha vizuri zaidi mbele ya watu, na sinema haikuzoea watu. Sinema ilitumia kamera moja: picha ya mbali ikishapigwa, kazi husimama, taa huhamishwa, kisha mchezaji hurudia maneno yale yale kwa picha ya karibu. Hakuna hadhira itakayocheka mara ya nne kwa kichekesho kile kile. Wapo waliokwisha kujaribu kutumia kamera kadhaa kwa pamoja, lakini mwanga unaoifaa kamera ya mbali huiharibu picha ya karibu.

Aliyeitwa kulitatua hilo ni Karl Freund, mzaliwa wa Bohemia, aliyepiga picha za Metropolis ya Fritz Lang huko Ujerumani na kupata tuzo ya Oscar kwa The Good Earth ya 1937. Kwa mtu wa hadhi yake, televisheni ilikuwa kazi ya chini, na pengine ndiyo maana aliifanya bila woga. Taa karibu zote alizipandisha juu, sakafu ikabaki wazi kamera zipite kwa magurudumu. Kila kamera aliifungia taa ndogo ya kulainisha vivuli usoni. Alijua pia kwamba kioo cha televisheni huzidisha tofauti ya weusi na weupe, hivyo mandhari yakapakwa rangi za kijivu zilizopimwa kwa makini. Matokeo yake ni mwanga mmoja uliozifaa kamera zote tatu kwa wakati mmoja. Kwa fundi aliyelelewa na vivuli vizito vya sinema ya Ujerumani, kuviacha vivuli hivyo kulihitaji unyenyekevu, na unyenyekevu huo ni sehemu ya ufundi wake.

Mchezo ulifanyiwa mazoezi kwa siku kadhaa, kisha ukachezwa kwa mfululizo kama tamthilia mbele ya watu wapatao 300, vipaza sauti vikinasa vicheko vyao. Filamu za kamera zote tatu zilipelekwa kwa mhariri Dann Cahn, aliyezitazama sambamba kwenye mashine ya Moviola iliyounganishwa mahususi. Mashine hiyo ilikuwa kubwa kiasi cha kubandikwa jina la zimwi.

Faida ya mpango huo ilionekana mapema. Ball alipojifungua Januari 1953 na kuhitaji mapumziko, vipindi vya zamani vilirushwa tena, na watu wakatazama. Marudio, ambayo leo ni mkate wa kila siku wa vituo vingi, yalipata nguvu hapo. Vipindi 180 vilitengenezwa hadi 1957, mwaka ambao kampuni ya wanandoa hao, Desilu, ilinunua studio za RKO. Baadaye Cheers na Friends zilipigwa kwa njia hiyo hiyo: filamu, kamera kadhaa, na hadhira ukumbini.

Anayetaka kuipima kazi ya Freund atazame kipindi cha kiwanda cha chokoleti, kilichorushwa tarehe 15 Septemba 1952. Lucy, anayechezwa na Ball, na rafiki yake Ethel wanafungasha chokoleti, mkanda unaongeza kasi, wanazijaza mdomoni na kofiani. Atazame mara ya kwanza acheke. Mara ya pili atafute ni wapi mwanga unabadilika picha inapotoka mbali kuja karibu.