Kuiuliza Terminali Rangi Yake

Maandishi ya njano juu ya terminali nyeupe hayasomeki. Wanaotengeneza programu kwenye skrini nyeusi husahau hilo, na anayeumia ni mtumiaji. Ili kuijua rangi ya nyuma, wengine hutegemea COLORFGBG, kigezo cha mazingira kinachowekwa terminali inapofunguliwa. Ukibadilisha rangi baadaye kinabaki vilevile, na kwa kawaida SSH haikibebi. Afadhali kijiprogramu cha C kinachoiuliza terminali yenyewe.

Swali ni fupi: Esc, kisha `]11;?`, kisha Esc na `\`. Namba 11 ni rangi ya nyuma, 10 ni ya maandishi. Terminali zinazofuata mtindo wa xterm hujibu kitu kama `rgb:1e1e/1e1e/2e2e`, yaani nyekundu, kijani na bluu kwa tarakimu za msingi wa kumi na sita.

Kazi iko kwenye kusikiliza. Jibu huingia kwa njia ileile ya kibodi, kana kwamba mtumiaji ndiye aliyelichapa. Usipolisoma, litamwagika kwenye mstari wa amri. Kwa hiyo fungua `/dev/tty` moja kwa moja, maana huenda matokeo yameelekezwa kwenye faili. Hifadhi mipangilio kwa `tcgetattr`, kisha zima ECHO ili jibu lisionekane, na ICANON ili usomaji usisubiri Enter ambayo haitabonyezwa. Ukimaliza, rudisha kila kitu, hata mtumiaji akikatiza kwa Ctrl-C.

Je, terminali isipojibu? Usubiri muda gani? Muda unaotosha kwenye kompyuta yako hautoshi kwa seva ya mbali, na kusubiri sekunde mbili kila mara ni kumchosha mtu bure. Hapa ndipo kuna ufundi ninaouheshimu sana: mara tu baada ya swali la rangi, tuma Esc na `[c`, swali la aina ya terminali lililokuwepo tangu VT100 ya mwaka 1978, na ambalo karibu terminali zote hulijibu. Majibu huja kwa mpangilio wa maswali. Jibu la pili likitangulia, ujue la rangi halipo. Acha papo hapo. Kikomo cha muda kinabaki akiba tu.

Kilichosalia ni hesabu ya mwangaza wa rangi hiyo: nyekundu mara 0.2126, kijani mara 0.7152, bluu mara 0.0722. Jumla ikizidi nusu ya kiwango cha juu, andika kwa rangi zilizokolea.