Obokano si zeze, wala si ‘ala ya kienyeji’

KWA muda sasa nimekuwa nikijitolea kuhariri makala ya muziki wa klasiki katika Wikipedia ya Kiswahili. Kazi yenyewe haina mshahara. Ujira wake ni kubishana na watu usiowajua. Majuzi, nikiwa nyumbani Manga, nilikuta rasimu ya mhariri mwenzangu ikieleza kwamba obokano ni “zeze la kienyeji la Wakisii.”

La hasha! Zeze lina mpini mmoja, na uzi hupita juu yake. Obokano ina bakuli la mbao lililowambwa ngozi, mikono miwili inayobeba mti wa juu, na nyuzi nane zinazofungwa kwenye mti huo. Jamaa yake wa karibu ni nyatiti ya Waluo, ingawa mvumo wa obokano ni mzito zaidi. Kiswahili kina jina la ukoo huo: kinubi. Basi nikafuta “zeze”, na “la kienyeji” nikalifuta pia. Mbona tukimwandika Mozart hatusemi piano ni ala ya kienyeji ya Wazungu?

Mwenzangu hakukubali kushindwa. Akaniuliza: kwa nini naandika “obokano ina” badala ya “obokano una”, ilhali kiambishi obo- cha Ekegusii ni ndugu wa u- ya Kiswahili? Si obokima ndio ugali? Alinishika pabaya, kusema kweli. Nilijitetea kwamba maneno ya mkopo huingia ngeli ya I-ZI, kama redio, na kama nyatiti yenyewe. Bado nashikilia hapo, lakini hoja yake ilininyima usingizi.

Kilichoniuma zaidi ni aya yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeeleza jinsi nyuzi zile nane zinavyokazwa mpaka sauti zipatane, kama nilivyofunzwa na mzee jirani yangu. Kanuni za Wikipedia zinadai chanzo kilichochapishwa, na mzee hajachapishwa popote. Nikaifuta kwa mkono wangu. Kanuni siilaumu, pasipo hiyo kila mzushi angeandika lake. Wa kulaumiwa ni mimi, niliyefundisha fasihi simulizi zaidi ya miaka thelathini bila kuchapisha hata ukurasa mmoja kuhusu ala niliyoisikia tangu utotoni.

Mzee huyo amepita miaka themanini na vidole vyake vimeanza kukakamaa. Jumamosi nitakuwa kwake na daftari na kinasa sauti.