Git haikuniuliza kitu

Leo niongee juu ya Git, ile programu inayotunza kila hatua ya kazi. Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya watu wa Linux, lakini siku hizi hata sisi watu wa agronomia tunaweka ndani yake skripti zetu za R. Mimi siko mtu wa informatike. Ila jembe, mwenye kulihukumu ni yule anayelima nalo.

Wakati wa TFC nilikuwa na folda moja jina lake muhogo, yenye hesabu za majaribio yangu. Jioni moja nikataka kuhamia kwenye branshi muhogo. Nikaandika `git checkout muhogo`. Kumbe ile branshi nilikuwa bado sijaiunda; nilikuwa nimeiwaza tu. Git ikakosa branshi ya jina lile, ikaona folda, ikafikiri ninataka kurudisha fishie zake jinsi zilivyokuwa mbele. Ikaandika mstari mmoja kwamba fishie tatu zimerudishwa. Basi. Kazi ya siku tatu ikaenda. Hakuna swali, hakuna kopi.

Najua mtakayosema: ulipaswa kufanya `commit` kila jioni. Kweli kabisa, nusu ya kosa ni yangu. Na tuseme haki: kitu ukishakiweka kwa `commit`, Git inakitunza vizuri sana, ni vigumu kipotee. Lakini ile nusu ingine ni ya nani?

Komande moja ilipewa kazi mbili: kuhama branshi, ambayo haina hatari, na kufuta mabadiliko, ambayo hayarudi tena. Tofauti kati ya hizo mbili inategemea tu jina ulilolitaja linakuta nini. Na wenye kuitengeneza hawakukosa akili ya kulinda watu. Angalieni `git clean`, inayofuta fishie ambazo Git haizijui: yenyewe inakataa mpaka uongeze `-f`. Mercurial nayo, ya mwaka uleule 2005, ukifanya `hg revert` inakuachia kopi yenye mwisho `.orig`. Asiyetaka kopi ndiye anaongeza opsio. Huko ndiko kufikiria mtu aliyechoka.

Agosti 2019, toleo 2.23 lilileta `git switch` na `git restore`. Kama ningeandika `git switch muhogo`, ingenijibu kwamba branshi hiyo haiko, na mambo yangeishia pale. Hapo ninawapongeza. Ila `checkout` imebaki vilevile, masomo ya zamani bado yanaifundisha, na `restore` yenyewe inafuta bila kuuliza.

Wanasema mazoea ya programu hayabadilishwi, skripti za watu zitaharibika. Ni sababu nzito, lakini walishabadilisha. Mbele ya Git 2.0, mwaka 2014, `git push` peke yake ilikuwa inatuma branshi zote zenye majina yanayofanana na za kwenye serveri, hata zile haukuwaza. Sasa inatuma ile moja uliyomo. Walionya watu kwanza, kisha wakabadilisha, na dunia haikuanguka.

Kuko na lingine linalotugusa sisi wa huku. `git clone` inaleta historia yote ya depo tangu siku ya kwanza. Koneksio ikikatika katikati, unaanza tena sifuri. Mtu wa Barumbu anayenunua mega kidogokidogo anahitaji `--depth 1`, inayoleta hali ya mwisho tu. Lakini nani alimwambia? Mazoea yale yalichaguliwa na mtu ambaye hahesabu mega.

Kwangu mimi, mazoea ya chombo ni kile kinachofanya kama haukukiambia kitu. Kwa hiyo yanapaswa kumtumikia yule asiyejua bado, maana mwenye kujua anaweza kuongeza opsio yake. Shambani hatumpe mulimaji dawa kali halafu tukamcheka kwamba hakusoma karatasi. Tunamwonyesha kipimo kwanza.

Wadogo zangu mnaoanza TFC: tumieni `switch`, fanyeni `commit` hata kama kazi haijaisha. Na siku mtakapotengeneza programu yenu, hata ndogo ya kuhesabu mavuno, komande ya kufuta muifanye iulize kwanza.