Namba Iliyotoka Nje ya Tovuti

Stesheneri ya mtaani kwetu, hatua chache kutoka kituo cha daladala, ina mashine ya fotokopi, kompyuta mbili na daftari la kaunta. Humo kijana wa pale huandika jina la mteja, barua pepe aliyomfungulia na neno lake la siri. Mama muuza samaki anayetaka cheti cha kuzaliwa cha mwanawe hajawahi kuiona tovuti ya RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, kwa macho yake. Anasimama upande wa pili wa kaunta, anataja majina, kijana anachapa.

Ila kulipa analipa mwenyewe. Kijana humwandikia tarakimu 12 kwenye kikaratasi, naye anavuka barabara mpaka kwa wakala, au anabonyeza *150*00# kwenye kitochi chake kisichojua bando ni nini. Meseji ya malipo ikiingia, ombi lake kule kwenye kompyuta limeshasogea bila mtu kuligusa. Tarakimu hizo ndizo kumbukumbu namba ya malipo, ambayo mtaani tunaiita kontroli namba, na kwangu mimi ndicho kitu kilichobuniwa kwa akili kuliko tovuti yoyote ya serikali ya Tanzania.

Kabla yake kila taasisi ilikuwa na akaunti zake, benki zake na vitabu vyake vya stakabadhi. Ulikwenda ofisini kuulizia kiasi, ukapanga foleni benki, ukarudi ofisini na slipu ndipo karani akuandikie stakabadhi, kama hajaenda chai. Slipu ya kughushi iliweza kupita, na mhasibu akaigundua kwenye usuluhishi wa hesabu za benki mwisho wa mwezi, kama aliigundua.

Mfumo wa malipo ya serikali, GePG, ulioanza Julai 2017 chini ya Wizara ya Fedha, haukuifuta mifumo ya taasisi. Ulikaa katikati. Taasisi inatuma ankara, GePG inairudishia namba. Nyuma ya namba hiyo kuna jina la mlipaji, kiasi, tarehe ya mwisho, na kama deni laweza kulipwa kidogo kidogo au ni kwa mkupuo. Ukiiingiza kwenye simu, kampuni ya simu haipokei hela papo hapo. Kwanza inaiuliza GePG namba hii ni ya nani na anadaiwa ngapi. Hela ikishakatwa, taarifa inarudi hadi kwenye taasisi ikiwa na saini ya kidijitali, asiwepo wa kuichezea njiani. Baadaye orodha za pande zote hulinganishwa. Mwaka huohuo Sheria ya Fedha za Umma ikarekebishwa, na hiari ya taasisi kujiunga au kutojiunga ikaishia hapo.

Namba haihitaji tovuti ili ifanye kazi. Inasomwa kwa simu, inatumwa kwa meseji, inaandikwa kiganjani kwa kalamu. Ankara iliyotolewa Kariakoo inalipwa na shangazi aliyeko Mwanza, ambaye wala hajui imetoka ofisi gani.

Hayo ni malipo. Kwenye vielelezo vya kuambatisha na maombi, safari bado ni ileile ya zamani. Mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu hujaza fomu mtandaoni, anaichapisha, anaipeleka serikali ya mtaa igongwe muhuri, anaipeleka kwa wakili au hakimu igongwe mwingine, kisha anaiskani na kuirudisha kulekule ilikotoka. Fomu imezaliwa kwenye kompyuta, imetembezwa juani, imerudi ikiwa picha. Cheti cha kuzaliwa angalau RITA hukihakiki mtandaoni na kukipa namba ya uhakiki. Muhuri wa mtaa haujapata namba yake. Sidhani kama shida ni utaalamu, maana waliojenga GePG ni watumishi wa serikali hiihii. Hela ilikuwa na mwenyewe, Hazina, aliyetaka kujua kila shilingi imelala wapi, na alikuwa na sheria mkononi. Muda wa kijana anayemsubiri mwenyekiti wa mtaa arudi msibani hauna anayeudai.

Pale stesheneri hawalalamiki. Msimu wa mikopo ukifika wanatoa benchi nje, skana inaanza kunguruma kabla ya saa mbili asubuhi, na daftari la kaunta hununuliwa jipya.